Madigadi ya Gari la Kahigi

Bukoba,
22 Aprili 1956

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Habari za hapo Isingiro, habari za goti, habari za migomba baada ya ule upepo? Mimi huku ni mzima, nakula na kulala, na kazi ipo. Nisalimie baba mdogo Methodius na mama Joviana jirani yetu.

Gari la babu lilifika salama. Gaudiosus alilifunga kwa kamba kwenye lori lake, juu ya magunia ya kahawa kama beberu anayepelekwa mnadani, na halikuvunjika hata taa. Jumamosi iliyopita injini iliwaka. Ilikohoa kwanza, ikatema kiota cha panya, kisha ikawaka na kunguruma mpaka mafundi wote wakaacha kazi. Wakaniuliza nani aliyeliunda. Nikawaambia ni babu yangu Kahigi, dereva wa mgodi wa bati kule Kyerwa, aliyepewa fremu ya Fodi iliyotupwa akaijengea bodi kwa mkono wake: viti viwili, pua ndefu, mkia uliochongoka, gari la mbio. Hawakuamini kwamba jambo hilo lilifanyika Karagwe mwaka 1932.

Mwenye gereji amesema nikilimaliza kabla ya maonyesho ya mazao ya tarehe 29 Septemba, litasimamishwa uwanjani watu walione, na baada ya hapo mimi si msaidizi tena, ni fundi. Kwa hiyo, Bibi, nataka kila kitu kiwe kama babu alivyokiacha. Kinachonishinda ni madigadi, yale mabati ya kufunika magurudumu. Hayapo, na mimi sikuyaona kamwe. Yalikuwa mapana? Membamba? Yalishuka mpaka wapi? Wewe ndiye uliyekuwapo. Niandikie.

Mjukuu wako,
Cassian


Isingiro,
13 Mei 1956

Mume wangu Cassian,

Marahaba. Mimi mzima. Goti halijapona wala halijaniua, tumezoeana. Migomba saba ilianguka, sita ya kwangu na mmoja wa Methodius, na ni yeye anayelalamika zaidi. Kula nyama, usiishi kwa chai. Pasaka nilikuona shingo imekuwa ndefu.

Barua yako niliisoma mwenyewe. Sikumpelekea mwalimu wa dini, maana akisoma barua ya mtu Jumatatu, Jumapili inajulikana kanisa zima. Na hii naandika mwenyewe. Herufi zikikushinda, rudi shule.

Umeuliza habari za madigadi. Hayakuwapo. Gari lile lilitembea magurudumu wazi na tope liliruka lilikotaka. Tope lenyewe unalijua, jekundu, likishika nguo nyeupe umeaga nguo. Watu walikuwa wanakimbilia migombani wakisikia linakuja. Ndivyo lilivyokuwa na ndivyo liwe. Usibandike kitu.

Umesema unataka kila kitu kama kilivyoachwa. Kiliachwa hivyo. Basi.

Rangi ilikuwa kijani. Hiyo ipake.

Mkeo wa kwanza,
Bibi Kokwijuka


Bukoba,
27 Mei 1956

Bibi,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia sauti yako katika karatasi. Hapa afya ni njema, na nyama nimekula Jumapili, usinigombeze.

Nina swali, na naomba usikasirike. Nilipokwangua rangi ya zamani nimekuta kwenye fremu vipande vinne vya chuma, kimoja kila gurudumu, na kila kimoja kimekatwa. Havikuvunjika kwa kutu. Vimekatwa kwa patasi, kwa pigo moja moja, na aliyekata alikuwa mtu anayejua chuma. Pembeni ya bodi rangi ya kijani imebaki mbichi, mahali ambapo kitu kilikuwa kimeifunika. Bibi, gari hili lilikuwa na madigadi.

Sitauliza kwa nini ulisema hayakuwapo. Lakini siwezi kuliacha hivi. Mkaguzi wa magari hapitishi magurudumu wazi barabarani, kwa hiyo lazima nichague. Nimepata ya lori moja lililokufa, mapana na mazito, yanafaa tope letu ila yanalifanya gari lifanane na tembo aliyevaa kofia. Yapo pia ya pikipiki, membamba, yanageuka pamoja na gurudumu. Mazuri sana machoni, ila tope lote lingemwishia dereva usoni. Na yapo mapya, yameletwa kwa meli na yamefungwa katika karatasi ya mafuta, laini kama yai. Mwenye gereji anayapenda hayo. Hata mimi mkono unayaendea.

Kama unakumbuka umbo la yale ya zamani, hata kwa kuchora na mkaa, niambie. Usipojibu nitayafunga mapya.

Mjukuu wako,
Cassian


Isingiro,
10 Juni 1956

Cassian,

Marahaba. Ni mzima. Goti ni goti.

Umekuwa mpelelezi siku hizi. Nilikuambia hayakuwapo, ukaenda kukwangua rangi mpaka ukanikuta. Basi nawa mikono, kaa chini, ndipo usome, maana sitaandika mara mbili. Kalamu inanichosha kuliko jembe.

Madigadi yalikuwapo. Manne. Niliyafua mimi.

Babu yako alikuwa dereva, na injini aliijua, sikatai. Bodi ile ni yake. Mabati yaliyonyooka alikuwa anayaweza. Lakini bati la kukunja lilimshinda. Kila alipolipiga lilijikunyata kama jani la mgomba juu ya moto. Mwezi mzima alipiga, mwezi mzima akawa analeta mezani uso wa msiba. Mimi nikachoka kumpikia mtu anayenuna.

Unajua kwetu ni Rugera, kwa wahunzi. Kwetu mwanamke haingii banda la kufulia chuma. Haruki nyundo, hagusi fuawe, akipita apite mbali, eti chuma kitapasuka. Lakini hawakunifunga macho. Toka nikiwa msichana nilikaa nyuma ya ukuta wa matete nasuka vikapu, na kwa tundu la matete nilimwangalia baba yangu. Nikaona kwamba hapigi kwa nguvu. Anapiga kwa mfululizo, kila pigo linakaa nusu juu ya lile lililotangulia. Wanaume wengine wote wanapiga kama wanaua nyoka.

Siku babu yako alipokwenda mgodini nikachukua bati la pipa lililokatwa. Nikatafuta kitu chenye mgongo wa mviringo wa kulilazia. Katika mji wangu kitu hicho kilikuwa kimoja, mtumbwi wa kukamulia rubisi. Nao ni mali ya wanaume, pombe ni kazi yao, mwanamke hausogezi. Nikaupindua, mgongo juu. Ulikuwa unalingana na gurudumu kana kwamba aliyeuchonga alipima. Nikalaza bati, nikapiga. Makosa mawili asubuhi moja, na radi haikunishukia.

Jirani wakauliza kelele gani. Nikasema naziba debe.

Siku tisa nikamaliza manne. Ukingo ndio ulinisumbua, maana bati tupu linakata mtu mguu. Ndipo nikakumbuka kikapu. Ukingo wa kikapu tunaukunjia juu ya ufito, ndiyo maana hauchomi wala haulegei. Nikachukua waya wa uzio wa mgodi, nikakunja bati juu yake mzunguko wote. Sikufundishwa na mtu.

Babu yako alipoyaona alikaa chini. Kisha akayafunga, akalipaka gari rangi, akaenda nalo kila mahali. Watu walisifu. "Ta Kahigi, madigadi haya umeyafuaje?" Naye akasema, "Kwa subira." Nilikuwa nimesimama pale na mtungi kichwani. Kwa subira.

Miezi minne. Kisha siku ya gulio baba yangu akaja kutoka Rugera. Akaliona gari, akainama, akapitisha kidole juu ya bati. Mimi napiga kwa mkono wa kushoto, na alama za nyundo zinalala upande. Baba aliijua kushoto yangu, alinichapa sana kwa ajili yake nikiwa mtoto. Akamwambia babu yako, watu wote wakisikia, "Mkwe wangu, chukua nyundo hii, piga bati hili nione." Babu yako akapiga. Bati likajikunyata. Baba akauliza, "Nani alifua?" Babu yako akatazama viatu vyake.

Nikasema, "Ni mimi, baba."

Akachukua patasi akakata yote manne pale pale gulioni. Akasema chuma kilichofuliwa na mwanamke kitamwaga damu barabarani. Akayabeba mpaka Rugera. Na unajua aliyafanyia nini? Aliezekea banda lake. Miaka kumi alifua chuma chini ya mabati yangu, mvua haikumpiga, na hakuna jembe lake lililopasuka. Nilikwenda kumzika, nikayaona pale juu. Nikacheka msibani, wakaniondoa.

Babu yako hakuliendesha tena. Walikuwa wanamwita dereva wa gari la mkewe. Akaliingiza bandani, akalifunika, mpaka akafa mwaka wa arobaini na saba. Hakunipiga wala hakunilaumu. Ila hakusema hata siku moja, hata tukiwa wawili tu, kwamba kazi ilikuwa nzuri.

Sasa sikia. Hayo ya lori rudisha. Ya pikipiki rudisha. Ya meli yafunge tena katika karatasi yake ya mafuta. Gari lile au lina madigadi yangu au halina kitu.

Bibi yako


Bukoba,
1 Julai 1956

Bibi yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta na afya. Mimi mwili ni mzima, moyo haujatulia.

Nimesoma barua yako mara tatu. Sikujua. Hata baba hakuniambia kabla hajafa, na nadhani alikuwa na umri wa kukumbuka.

Lakini, Bibi, barua yako ilichelewa. Gaudiosus alikwama Kyaka siku nyingi, ikanifikia jana. Nilikuambia usipojibu nitayafunga mapya. Nimeyafunga. Mwenye gereji amekwisha waita watu kuja kuyaona. Anasema gari sasa linafanana na kitu cha Ulaya.

Na jambo la pili. Baba mdogo Methodius ameniandikia. Sijui alijuaje kwamba umenieleza. Anasema yeye alikuwa na miaka minane siku ile gulioni, na watoto wenzake walimwimbia wimbo mwaka mzima. Anasema wazee wa ukoo hawataki habari ile ifufuliwe, na kwamba nikiheshimu kaburi la babu nitamwachia jina lake.

Yale yako hayapo tena, Bibi. Babu wa Rugera alikufa, banda lake lilianguka. Hata ningetaka, nitayatoa wapi? Niruhusu nilimalize hivi. Gari litakuwa zuri, na wewe nitakuja kukupandisha, tutakwenda mpaka hospitali ya Nyakahanga na kurudi, uwasalimie wauguzi.

Usinikasirikie.

Mjukuu wako,
Cassian


Bukoba,
12 Agosti 1956

Bibi,

Shikamoo tena. Wiki sita sijapata neno lako. Nimemuuliza Gaudiosus, amecheka tu, akasema, "Bibi yako ni mzima kuliko wewe." Nimemuuliza kinachoendelea, akasema amekatazwa.

Kama umekasirika, nigombeze kwa barua. Wewe hujazoea kunyamaza, na mimi sijazoea ukinyamaza.

Gari limepakwa rangi ya kijani kama ulivyosema.

Mjukuu wako,
Cassian


Isingiro,
26 Agosti 1956

Mume wangu,

Marahaba zote mbili pamoja. Mimi mzima. Mikono ndiyo inauma, tena sana, na utajua sababu. Usimlaumu Gaudiosus, nilimwambia akifungua mdomo sitampa tena ndizi za kuchoma.

Umeuliza utayatoa wapi. Fungua lile furushi la majani ya migomba alilokuletea. Yamo manne. Taratibu, usiyakwaruze.

Mara hii sikungoja mtu aende mgodini. Bati la pipa nilinunua wazi gulioni, nikalibeba kichwani katikati ya barabara. Mtumbwi wa rubisi sasa ni wa Methodius, aliurithi. Nilikwenda kwake asubuhi, ndizi zake za pombe zimeiva shimoni, watu wa Jumapili amekwisha waalika. Nikamwambia, "Naazima mtumbwi." Akauliza wa nini. Nikamwambia. Akasema, "Mama, hilo haliwezekani." Nikamwambia, "Methodius, nilipokuzaa ulikuja miguu mbele, na mkunga alisema haiwezekani. Shika upande ule, tubebe."

Hakushika. Nilimwita Joviana na Kemilembe binti yake, tukaubeba sisi watatu mpaka uwanjani kwangu. Tukaupindua mahali ambapo kila anayekwenda kisimani anaona. Sikusema naziba debe.

Siku ya kwanza wanawake walipita mbali. Siku ya tatu walisimama. Wiki ya pili Kemilembe ananishikia bati na wenzake wawili wanabishana pigo lifuate wapi. Kemilembe ana mkono. Ni mwepesi mno, lakini anao.

Kisha wakaja wazee. Mzee Desderius mbele na fimbo yake, Methodius nyuma akiangalia migomba. Desderius akaanza, "Ma Kokwijuka, sisi tumekuja kwa heshima." Nikamwambia kama ni heshima wakae, uji upo. Wakakaa. Akasema jambo hili halijafanyika tangu mababu. Nikamwambia lilifanyika mwaka wa thelathini na mbili, hapo hapo alipoweka mguu wake. Akasema chuma hiki kitaleta ajali. Nikamuuliza baba yangu alikaa miaka mingapi chini ya mabati yangu. Nikamuuliza jembe analolimia alinunua kwa nani. Akasema, "Kwa baba yako, Rugera." Nikamwambia, "Basi unalimia jembe lililofuliwa chini ya paa la mwanamke, na kahawa yako ndiyo nzuri kuliko zote hapa. Kunywa uji."

Aliunywa. Methodius akasema kwa sauti, "Mama, unamvua babu wa watoto nguo kaburini." Mimi nilikuwa nimerudi kupiga, na pale nyundo iliteleza. Digadi la nne, upande wa ndani, utaona shimo dogo kama kidole gumba. Usilinyooshe.

Nikamjibu Methodius hivi, na wewe nakuandikia ujue. Kahigi alikuwa mume wangu, nilimpenda, bodi ni yake, injini ni yake, mkia ule mrefu wa kujivuna ni wake kabisa. Hayo yote nitayasema mbele ya mtu yeyote. Lakini madigadi si yake. Kumpa mtu kitu ambacho si chake si heshima.

Methodius aliondoka. Pombe ya Jumapili haikukamuliwa, ndizi zikaharibika, na watu wananilaumu mimi. Wanilaumu.

Zamani nilitumia siku tisa. Mara hii wiki saba. Vidole havikunjiki asubuhi mpaka niviweke kwenye maji ya moto. Sitayafua mengine. Hayo ndiyo.

Sasa chagua. Nilikuwa nakuamuru, sikuamuru tena. Yaweke mezani pembeni ya yale ya meli, mchana, uyatazame kama fundi, na si kama mjukuu. Ukiona ya meli ni bora, yaache palepale, na haya yangu nirudishie, nitaezekea kuku.

Mkeo wa kwanza,
Bibi Kokwijuka


Bukoba,
9 Septemba 1956

Bibi,

Shikamoo. Pole na mikono. Nakutumia dawa ya kuchua, Gaudiosus anayo, chupa ya kahawia, si ya kunywa.

Nilifanya ulivyosema. Niliyaweka mezani mchana, kando ya yale ya meli, na nikawaita mafundi wote. Ya meli ni laini, hilo kweli. Lakini ukiyagonga yanalia kama sufuria, na ukingo wake umekunjwa hivi hivi tu. Yako ukiyagonga yanatoa sauti nzito, fupi. Yanashuka nyuma mpaka usawa wa ekseli, pale hasa tope letu linaporukia. Na mistari ya nyundo, Bibi, inakwenda yote upande mmoja kama majani yaliyolazwa na upepo. Niliyafungua ya meli siku ileile. Mwenye gereji alipiga kelele, akazunguka gari mara mbili, akapitisha kidole ukingoni, akaacha kupiga kelele.

Yamekaa kama yalivyopaswa. Nimeyafunga penye vile vipande vilivyokatwa, nimeviunga kwa moto.

Mkaguzi alikuja Ijumaa. Amelipitisha gari.

Sasa nina la kukiri, na afadhali ulisikie kwangu kabla ya mtu mwingine. Mkaguzi aliuliza, mbele ya mafundi wote na mwenye gereji, "Nani amefua haya?" Mdomo ulikuwa tayari, Bibi, nakuapia. Kisha nikaona wanavyonitazama, nikasema, "Fundi mmoja wa Karagwe."

Akacheka, akasema fundi huyo aje kufundisha hapa. Mwenye gereji akasema basi aandikwe kwenye kibao kitakachosimama kando ya gari siku ya maonyesho. Akanipa chaki, akasema, "Andika jina lake." Nikaandika, Kahigi wa Isingiro.

Nilifikiri maneno ya baba mdogo. Nilifikiri watanicheka, na baada ya wiki tatu ningekuwa fundi. Kibao kipo, kinasomeka kutoka barabarani. Kila asubuhi nakipita.

Niambie nifanye nini.

Mjukuu wako,
Cassian


Isingiro,
16 Septemba 1956

Cassian,

Salamu nitakupa uso kwa uso. Dawa nimeipata, nimejichua, inanuka.

Karagwe ina mafundi wangapi, mpaka mmoja wao akose jina? Babu yako alinyamaza akatazama viatu. Wewe umepiga hatua moja mbele yake, ukafungua mdomo, kisha ukaandika uongo kwa chaki, kwa herufi kubwa, ukausimamisha barabarani. Angalau yeye hakuandika.

Nilipoisoma barua yako nilitaka kukutukana karatasi mbili. Kisha nikaona umeniletea habari mwenyewe, hukungoja niambiwe na Gaudiosus. Hilo nimeliona. Halikuokoi, lakini nimeliona.

Umeuliza ufanye nini. Usifanye kitu. Gaudiosus anaondoka hapa Jumatano ya tarehe 26, na mimi nakaa mbele, nimekwisha mwambia. Kemilembe anakuja nami, ana swali la kumuuliza huyo mkaguzi anayetafuta mwalimu. Methodius amesema haji kuaibishwa mjini, kisha jana akaja kuuliza lori linaondoka saa ngapi. Nimemwambia nafasi iliyobaki ni juu ya magunia.

Usitafute kiti cha wageni wala usiniandalie maneno. Usiende kuwaeleza kwanza ili nikifika wawe wameshazoea. Na kibao usikiguse, hata mvua ikinyesha kiingize ndani kama kilivyo. Ulichokiandika nakuja kukifuta mwenyewe, na chaki unitayarishie.

Bibi yako,
Kokwijuka